Barua ya wazi kuhusu Kitulo: upimeni uwanda huu ukiwa macho

Waheshimiwa viongozi mnaosimamia mazingira, maliasili, maji, kilimo na mifugo. Wakuu wetu wa mikoa ya Njombe na Mbeya. Wabunge na madiwani wetu,

Salaam kutoka Matamba, wilayani Makete.

Ninapoandika ni Julai, na viazi vyangu vya kinyungu, shamba dogo la bondeni kando ya maji, vimeungua. Jana jioni majani yalikuwa ya kijani kibichi. Leo alfajiri yalikuwa na weupe unaovunjika chini ya viatu, na jua lilipochomoza yakawa meusi, yamelala chini kana kwamba mtu ameyamwagia maji ya moto. Vitabuni huitwa jalidi, sisi huku tunaita barafu tu. Jirani yangu ana shamba la viazi juu kidogo ya kinyungu changu, kwenye mteremko, na kwake halijaguswa hata jani moja. Hewa ya baridi ni nzito, usiku huteremka kama maji na kutuama bondeni. Mbegu ile ile, udongo ule ule, usiku ule ule. Mimi nimevuna hasara na yeye atavuna viazi.

Nilifundisha jiografia sekondari hadi nilipostaafu, na jambo hili nililieleza darasani mara nyingi. Watoto watatu wananyeshewa na mvua moja. Wa kwanza ana koti. Wa pili hana koti lakini ana afya njema. Wa tatu ndiyo kwanza ametoka hospitali na nimonia. Ukiulizwa yupi yuko hatarini, kupima ukubwa wa mvua hakutakusaidia. Lazima uwajue watoto.

Waheshimiwa, uwanda wa juu wa Kitulo unanyeshewa na mvua nyingi kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekaa akamtazama mtoto huyu mzima mzima. Ombi langu ni hilo. Kabla ya kibali kingine, shamba jingine, msitu mwingine wa kupandwa au barabara nyingine, fanyeni tathmini ya udhaifu wa ikolojia ya uwanda wote, kwa misimu yote miwili, na sisi wenyeji tukiwamo.

Jina la Bustani ya Mungu, ambalo Kitulo huitwa, mnalijua. Ramani za wakoloni zililiandika eneo hili Elton, kwa jina la Mwingereza aliyepita mwaka 1877, lakini sisi tuna jina letu. Uwanda uko wastani wa mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, umekaa katikati ya safu za Kipengere, Poroto na milima ya Livingstone. Kuna aina takribani 350 za mimea, 45 kati yake okidi zinazoota ardhini. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa, na inatajwa kuwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ninyi wenyewe mlitambua thamani yake, na kwa hilo tunawashukuru. Ninachowaandikia ni kwamba thamani ya kitu na udhaifu wake ni mambo mawili tofauti. Thamani ya Kitulo tumeshaihesabu na kuichapisha kwenye vipeperushi vya watalii. Udhaifu wake haujahesabiwa kwa namna inayoweza kumzuia mtu kufanya kosa.

Niwaonyeshe hesabu moja ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua takribani nyuzi 0.6. Maana yake ni kwamba joto la dunia likiongezeka kwa nyuzi 1, mmea uliozoea baridi yake unahitaji kupanda kama mita 160 ili uikute tena. Mimea ya Mbarali, kule chini kwenye joto, ina mahali pa kupandia, itakuja kwetu. Parachichi nalo tayari ni gumzo la mkoa mzima, na wapo wakulima wa huku juu wanaojaribu miche mahali ambapo bibi zetu wasingeota kuipanda. Lakini ua la Kitulo liende wapi? Kilele cha Mtorwi, kirefu kuliko vyote hapa, kina mita 2,961. Toa 2,600. Inabaki nafasi ya mita 361, sawa na nyuzi mbili za joto, basi. Na kilele si uwanda. Kadiri unavyopanda, ardhi inakuwa finyu na ya mawe. Zaidi ya hapo ni anga.

Ipo okidi ambayo wanasayansi waliipa jina la Ukinga, nchi yetu sisi Wakinga: *Disa ukingensis*, Disa ya Ukinga. Nilipokuwa nikiwaandikia wanafunzi jina hilo ubaoni walikuwa wanacheka kwa furaha, hawakuamini kwamba Ukinga iko kwenye vitabu vya mimea vya dunia. Nataka watoto wao pia walikute ua hilo ardhini, wasiishie kuliona ubaoni.

Sasa nifike penye kiini cha barua hii.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja wataalamu kupima athari za mradi mmoja. Siutaji mradi wala ofisi iliyowatuma. Walikuja Agosti. Kwa mtu wa mjini Agosti ni mwezi mzuri wa kuja Kitulo, kwa sababu barabara imekauka na gari halikwami. Nyasi zilikuwa za rangi ya mkate, upande mmoja umeshapitiwa na moto kichaa na kubaki mweusi hadi upeo wa macho. Walipiga picha, wakachimba vishimo vitatu vinne kutazama udongo, wakatukutanisha kwa muda wa saa moja hivi. Tulijaza karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda, wakaondoka. Ripoti ilikuja baadaye kwa Kiingereza, nakala moja, nami niliisoma nikiwa nimesimama ofisini kwa mtu kwa sababu haikuruhusiwa kutoka. Sehemu niliyokulia mimi, ambayo Februari huwezi kuweka mguu bila kukanyaga ua, iliandikwa kuwa ni majani ya kawaida yasiyo na mimea ya pekee.

Sidhani walisema uongo. Waliandika walichokiona. Agosti okidi hizo za ardhini karibu zote ziko chini ya ardhi. Zimelala ndani ya viazi vyake vidogo, jani limekauka na kupeperuka, juu hakuna alama hata moja. Mvua ikianza Novemba ndipo zinaamka, na kuanzia Desemba hadi Aprili uwanda unabadilisha rangi karibu kila wiki. Mbayuwayu wa buluu, ndege ambaye wapenzi wa ndege husafiri mbali kuja kumtafuta, naye huja na mvua kuzaa. Hujenga kiota ndani ya mashimo ya ardhini, mengine yaliyochimbwa na wanyama, kisha huondoka kuelekea upande wa Ziwa Viktoria. Agosti hayupo. Anayepima uwanda wa juu kiangazi anampima mtu aliyelala usingizi, kisha anaandika kwamba hana sauti.

Kwa hiyo nikisema tathmini ya misimu miwili sitafuti kuwachelewesha. Kipimo cha Februari na kipimo cha Agosti ni vipimo vya nchi mbili tofauti. Kiangazi kinaonyesha moto umepita wapi, mifugo imekanyaga wapi, chemchemi ipi imebaki na maji. Masika yanaonyesha nani anaishi hapo na udongo unateremkia wapi. Ukiwa na kimoja bila kingine, ramani yako ni nusu, na nusu ya ramani imeshatugharimu.

Nizungumzie vikande, yaani viazi vya okidi vinavyochimbwa kuwa chakula, kwa sababu nisipovitaja nitakuwa nimeficha.

Mimi nimechimba vikande. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja, naye mama alinifundisha. Unatafuta okidi iliyoanza kumaliza ua lake. Unapiga jembe dogo pembeni, si karibu sana, unainua bonge la udongo, unalivunja kwa vidole. Ndani unakuta viazi viwili vimekaa pamoja kama korodani za mbuzi. Kimoja kimesinyaa, ni cheusi na laini. Hicho ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Kingine ni cheupe, kigumu, kimejaa. Hicho ndicho ua la mwaka ujao. Mnunuzi hataki kile kilichosinyaa. Anataka cheupe. Unakitia kwenye kikapu, unaufunika udongo, na mahali hapo mwakani hapaoti kitu.

Vikapu vinakuwa magunia, magunia yanakwenda Mbeya, Tunduma, kisha Zambia, ambako vikande husagwa na kupikwa pamoja na karanga na pilipili hadi vinakuwa chakula kinachokatwa vipande kama keki, wenyewe wanakiita chikanda. Watafiti walioifuatilia biashara hii katika Nyanda za Juu Kusini walichapisha mwaka 2003 makadirio ya mamilioni ya viazi vya okidi kwa mwaka. Okidi zote duniani zimo kwenye mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kuchimba ndani ya hifadhi ni kosa, kila mtu hapa anajua. Hata hivyo mwanamke anayekamatwa na kikapu ndiye wa mwisho kabisa katika mnyororo huo, na ada ya mtoto wake haingoji. Mimi madaftari yangu ya darasa la sita yalitoka kwenye vikande. Nimeishi na jambo hilo moyoni, na sehemu ya barua hii ni deni ninalolipa.

Kwa nini nalileta kwenye habari ya tathmini? Kwa sababu wachimbaji ndio wanaojua. Muulizeni mama yeyote wa miaka sitini kutoka Ujuni hadi Kikondo, atawaambia ni bonde gani lilikuwa na vikande vinene, mwaka gani vilianza kuwa vidogo, na wachimbaji walihamia wapi. Hizo ni takwimu za miaka hamsini zimo vichwani mwa watu, na zinazikwa moja baada ya nyingine. Hakuna setilaiti inayoweza kuyaona hayo, kwa sababu juu ya ardhi nyasi zimebaki vile vile.

Kama mnadhani natia chumvi kuhusu elimu ya wenyeji, mkumbukeni kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za nyani mwenye aibu anayeishi juu mitini. Walimtafuta, wakamkuta, na si Rungwe tu bali pia katika msitu wa Livingstone ulio ndani ya hifadhi hii hii ya Kitulo. Mwaka 2005 dunia ilitangaziwa aina mpya ya nyani barani Afrika, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*. Mpya kwa dunia. Kwa wawindaji alikuwa na jina tangu mababu. Kama wasingeulizwa, leo msitu huo ungekuwa na alama ya msitu wa kawaida kwenye ripoti ya mtu.

Na maji. Hapa naomba msikilize hata ninyi mliozoea kuona Kitulo kama suala la maua na watalii.

Mto Ruaha Mkuu unapata maji yake ya juu kutoka safu hizi za Kipengere na Poroto. Unashuka Usangu, unanywesha mashamba ya mpunga ya Mbarali, unapita ardhi oevu ya Ihefu, unaingia Hifadhi ya Ruaha, kisha unafika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mtera inazalisha megawati 80 na Kidatu 204. Chini zaidi Ruaha inaingia Rufiji, ambako taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Upande wa pili, miteremko ya Makete inamwaga maji yake Ziwa Nyasa, na huko nako kuna mpango wa miaka mingi wa umeme wa Rumakali, megawati 222. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha. Nitakuwa mkweli: lawama kubwa ya hilo iko kwenye matumizi ya maji kule Usangu, si huku kwetu juu. Lakini mto uliokwisha kuelemewa chini hauwezi kuvumilia kudhoofishwa na juu.

Udongo wa uwanda huu ni wa majivu ya volkano. Ni mweusi, mwepesi, ukiushika mkononi unahisi kama unga uliolowa. Unakunywa maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo hadi Oktoba. Nyasi na matope ya mabondeni ndiyo yanayoushikilia. Ukiulima kwa matuta yanayofuata mteremko, kama viazi vinavyolimwa sehemu nyingi kwa haraka ya kupata gunia, unateremka na mvua ya kwanza. Ukiupanda mikaratusi kando ya chemchemi, miti inakunywa kabla ya mto. Mipaini nayo imeleta nyumba za bati na ada za vyuo katika vijiji vyetu, sitaitukana. Ila mbegu zake hazijui mpaka wa shamba. Tembeeni kandokando ya hifadhi mtaona miche ya mpaini imesimama peke yake katikati ya nyasi, hakuna aliyeipanda. Wenzetu wa uwanda wa Nyika, Malawi, wanaijua vizuri habari hiyo, maana mipaini iliyopandwa Chelinda miaka ya 1950 bado ni sehemu ya mazungumzo yao leo.

Nyuma ya nyumba yetu ya zamani iko chemchemi moja. Nilipokuwa msichana ndoo ya lita 20 ilijaa kabla sijamaliza kufunga kilemba. Siku hizi, mwezi wa Septemba, naiweka ndoo, nafunga kilemba, nachuma mboga za jioni, narudi naikuta haijafika shingoni. Mikaratusi iliyo juu yake ilipandwa na mtu wa ukoo wetu kwa nia njema, na alishangiliwa.

Tatizo letu kubwa, kwa mtazamo wangu, ni kwamba kila mmoja wenu anapima kipande chake. Hifadhi wanapima hifadhi. Shamba la mifugo la Serikali, ambalo limekuwa hapa na ng'ombe wake wa Friesian tangu miaka ya ujana wangu, lina hesabu za malisho yake. Halmashauri ina mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji hiki na ule. Wa maji wanapima mto huko chini daraja lilipo. Wa barabara wanapima barabara. Upande wa Njombe una faili lake na upande wa Mbeya lake. Kila mradi unapopimwa peke yake athari yake inaonekana ndogo, na kila mmoja unapita. Lakini bonde halijui kwamba liliharibiwa kwa vibali vitano vidogo badala ya kimoja kikubwa.

Sasa mnielewe, barabara tunaitaka. Lami ya kutoka Njombe hadi Makete imetuondolea mateso ambayo siwezi kuyasimulia yote. Wajawazito wamekufa kwenye matope ya njia ile. Barabara ya upande wa Isyonje na Kikondo inakatiza uwanda wenyewe, na bado nasema ijengwe. Ila lori likifika karibu, bei ya kiazi inapanda, na bei ikipanda jembe linasogea mbele. Hilo si kosa la mtu, ni kawaida ya maisha. Ndiyo maana nataka tujue mapema ni wapi jembe likisogea ardhi itastahimili, na ni wapi haitarudi tena.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imewapa njia. Inayo tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi mmoja mmoja, na inayo pia tathmini ya mazingira ya kimkakati, ya mpango mzima. Tumieni hii ya pili. Katika kuifanya, ninalo la kusema kuhusu namba. Nimesoma kwamba huko China, kwenye uwanda wa juu wa Tibet, wataalamu hugawa ardhi katika miraba midogo, kila mraba ukapewa alama: mteremko, udongo, uoto, mvua, joto, mifugo, makazi. Alama zinapewa uzito, zinajumlishwa, ramani inatoka na rangi. Ni njia nzuri na mimi ningependa kuiona hapa. Lakini uzito ndio wenye maamuzi. Kule, juu ya mita 4,000, udhaifu unatoka kwenye ardhi iliyoganda na inayoyeyuka. Hapa ardhi haigandi hivyo. Hapa udhaifu unatoka kwenye moto, jembe, chemchemi, na mimea isiyo na pa kukimbilia. Mtaalamu akija na uzito wa kuazima, ataupa mteremko alama nyingi na matope ya bondeni alama chache kwa sababu ni tambarare, kumbe matope hayo ndiyo tangi la Ruaha. Basi uzito huo ujadiliwe hadharani, Matamba na Kikondo, kwa Kiswahili, kabla ya kompyuta kuwashwa. Hatushindwi kuuelewa. Mkulima anayejua kupima mbolea kwa kifuniko cha soda anajua uzito ni nini.

Na ramani ikitoka, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kijiji, ikiwa na rangi zake na maelezo ya Kiswahili, mwananchi yeyote aweze kusimama mbele yake na kuonyesha kwa kidole shamba lake liko wapi. Penye rangi nyekundu pasilimwe, pasipandwe miti ya kigeni, pasipewe mwekezaji, awe mgeni au mwenyeji, na chama chake chochote. Anayeondolewa hapo apewe kitu mkononi: mbegu bora ya viazi, ardhi mbadala, miche ya matufaa, malipo ya kulinda chemchemi. Wale wanaofaidi umeme wa Kidatu na mchele wa Mbarali wachangie, kwa sababu maji yao yanaanzia mgongoni mwetu. Kuhusu vikande, zungumzeni na wenzenu wa Zambia wazi wazi, serikali kwa serikali, badala ya kuwasubiri akina mama kwenye kizuizi cha barabarani.

Sheria hiyo hiyo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Kinyungu changu kimo ndani ya mita hizo, au karibu sana. Vinyungu vimetulisha huku kusini tangu enzi za mababu, na sijui mtu mzima wa hapa asiyekuwa nacho. Vipimwe navyo. Vipo ambavyo vimekaa vizazi na chemchemi yake haijapungua, na vipo vilivyoua bonde katika miaka mitano. Tofauti hiyo haiko kwenye utepe wa mita, iko kwenye namna mtu anavyochimba mfereji na anachoacha kando yake. Ramani ikionyesha kwamba changu ni miongoni mwa vile vinavyoua, nitakiacha mwaka huo huo. Nasema hivi mbele ya majirani zangu watakaoisoma barua hii.

Natambua tathmini ya aina hii ni gharama na ni muda. Misimu miwili ni mwaka mzima, pengine na zaidi. Katika mwaka huo nawaomba msitoe kibali kipya cha kufungua ardhi juu ya uwanda, ndani au kando ya hifadhi. Mwaka mmoja tu. Mbegu ya mpaini haitaoza, mwekezaji wa kweli atasubiri, na viazi tutaendelea kulima pale tulipo.

Njooni Februari. Msije kwa msafara mkubwa. Magari mawili yanatosha, na viatu vya mvua. Kutoka Matamba mtapanda kwa saa moja hadi nyasi zifunguke. Nitawangoja kwenye chemchemi niliyowaeleza, nina ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi, tutapima pamoja na kuandika. Kisha Septemba mrudi, tupime tena.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa viazi,
Matamba, Makete